Jina katika Kitabu cha Ubatizo: Laweza Kufutwa?

Katika nchi za Ulaya mapadri wanapokea siku hizi barua za namna mpya. Mtu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga anamwandikia paroko au askofu kwamba hana imani tena, wala hataki kuhesabiwa kati ya Wakristu, na kwa hiyo anadai jina lake lifutwe katika kitabu cha ubatizo. Katika Ubelgiji walioandika hivyo mwaka wa 2022 walikuwa 1,270. Mwaka wa 2023 walizidi 14,000, maana mwaka ule televisheni ya Waflandri ilionyesha habari za watoto waliotendewa mabaya na watu wa Eklezya, na hasira ya watu ilikuwa kubwa. Tusiwacheke wala tusiwalaani upesi. Wengi wao walikuwa na uchungu wa haki.

Zamani paroko angaliweza kujibu kwa maneno mawili: kitabu ni cha Eklezya, basi. Leo hawezi, kwani mwombaji anashika mkononi sheria ya serikali. Sheria hiyo imeleta mabishano makubwa mbele ya mahakimu, wala mahakimu wenyewe hawakupatana. Tumeona yafaa kueleza jambo hili hapa, kwa sababu waseminari wa leo ndio watakaoshika vitabu hivi kesho. Tena nchi yetu ya Kongo nayo imepata sheria yake, yaani Sheria ya Numeriki iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, ambayo ndani yake mna sehemu juu ya kulinda habari za watu. Yaliyoulizwa Gent na Paris yataulizwa siku moja Bukavu na Kalemie.

Sheria yenyewe yasema nini?

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubali sheria hii tarehe 27 Aprili 2016, ikaanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Shina lake ni hili: habari zinazomhusu mtu, kama vile jina lake, siku ya kuzaliwa, ugonjwa, dini, mahali anapokaa, si mali ya yule aliyeziandika tu. Mwenyewe ana neno juu yake. Anaweza kuuliza: Mmeandika nini juu yangu? Anaweza kudai kosa lisahihishwe. Na katika kifungu cha 17 anaweza, kwa masharti fulani, kudai habari zake zifutwe. Kampuni inayovunja sheria yaweza kutozwa hata euro milioni 20, au 4 kwa mia ya mapato yake ya mwaka, kadiri iliyo kubwa zaidi.

Watunga sheria walifikiri hasa makampuni makubwa ya intaneti, yanayokusanya habari za watu usiku na mchana ili wenye kutangaza biashara wajue nani atanunua nini. Lakini hawakuandika "makampuni ya intaneti" tu. Sheria inashika hata karatasi, mradi karatasi hizo zimepangwa kwa namna ya kumpata mtu ndani yake bila shida. Kitabu cha ubatizo chenye orodha ya majina kwa alfabeti hakiwezi kujificha.

Hapa makatekista watege masikio, kwa maana kesi moja mashuhuri iliyofika mbele ya Baraza la Haki la Ulaya, huko Luxembourg, ilikuwa kesi ya katekista. Alikuwa mama mmoja wa Uswidi, Mprotestanti wa parokia ya Kilutheri, aliyefundisha bila mshahara. Mwaka wa 1998, akitaka kuwasaidia vijana waliojitayarisha kwa kipaimara, alitengeneza nyumbani kwake kurasa za intaneti. Akaandika majina ya wenzake wa parokia, kazi zao, mambo wanayoyapenda, nambari za telefone za wengine, na habari kwamba mmoja wao ameumia mguu na sasa anafanya kazi nusu tu. Aliandika kwa wema na kwa mzaha kidogo, lakini hakuwauliza. Alipojua kwamba wengine hawakufurahi, akaziondoa kurasa zile. Hata hivyo alishitakiwa na kutozwa krona 4,000. Tarehe 6 Novemba 2003 Baraza la Luxembourg, likitumia sheria iliyokuwapo kabla ya hii ya leo, lilieleza kwamba kuweka jina la mtu katika intaneti ni tendo linaloshikwa na sheria, na kwamba hata mguu ulioumia ni habari ya afya, inayolindwa zaidi kuliko nyingine. Liliwaachia mahakimu wa Uswidi kazi ya kupima haki hiyo pamoja na uhuru wa kusema. Tuseme kweli: ni makatekista wangapi kwetu wanaotuma katika vikundi vya telefone orodha ya wagonjwa wa kuombewa, pamoja na jina la ugonjwa?

Baada ya miaka 15, tarehe 10 Julai 2018, Baraza lilelile lilihukumu habari za Mashahidi wa Yehova wa Finlandi, ambao wakipita nyumba kwa nyumba waliandika katika daftari zao nani anakaa wapi na ana imani gani. Walidai kwamba daftari ni ya kila mhubiri peke yake. Baraza lilijibu kwamba jumuiya yao nayo ina mzigo, hata kama daftari hazikuletwa kwake.

Kuna hukumu ya tatu ambayo msomaji aishike vizuri, kwani itamsaidia mbele. Mwaka wa 1998 gazeti moja la Barcelona lilitangaza kwamba nyumba ya mtu fulani itauzwa kwa mnada kwa sababu ya deni. Deni likalipwa, mambo yakaisha. Lakini baada ya miaka mingi kila aliyeandika jina la mtu huyo katika mashini ya Google aliona tangazo lile kwanza. Tarehe 13 Mei 2014 Baraza la Luxembourg liliamua hivi: Google iondoe njia inayomfikisha mtu kwenye tangazo hilo kwa kuandika jina tu. Gazeti lenyewe halikulazimishwa kukata ukurasa wake. Yaani yaliyoandikwa yalibaki, lakini hayakuwekwa tena mlangoni ili kila mpita njia ayaone.

Gent na Paris

Sasa turudi kwenye ubatizo. Mwaka wa 2023 ofisi ya serikali ya Irlandi inayolinda habari za watu ilichunguza jimbo kuu la Dublin, ikaona kwamba askofu mkuu ana haki ya kuhifadhi vitabu. Lakini mwezi wa Desemba wa mwaka uleule ofisi ya Ubelgiji iliamua kinyume. Mtu mmoja alikuwa ameomba jimbo la Gent limfute. Jimbo lilifanya kama ilivyo desturi: liliandika pembeni mwa jina lake kwamba ametoka katika Eklezya, likaacha jina. Ofisi ikasema haitoshi. Kuhifadhi maisha yote habari za mtu asiyetaka, tena habari za dini, ambazo sheria yenyewe inazihesabu kati ya zile za kulindwa zaidi, ni kupita kiasi. Ikaagiza afutwe. Jimbo la Gent likakata rufaa huko Brussels.

Wiki chache baadaye, tarehe 2 Februari 2024, Baraza la Serikali la Ufaransa lilitoa hukumu juu ya ombi kama lile, lililotoka katika jimbo la Angers. Mahakimu walikubali neno la Eklezya: ubatizo hupokewa mara moja tu, basi ni lazima pawe na mahali pa kujulia kama mtu alikwisha kubatizwa, hasa akirudi siku moja na kuomba ndoa au sakramenti nyingine. Tena walitazama kitabu kinavyokaa: ni cha karatasi, kimefungiwa mahali, hakisomwi na mtu yeyote ila mwenyewe na wahudumu wa Eklezya. Hawakuona dhuluma ndani yake. Mahakimu wakuu wengine wa Ufaransa walikuwa wamejibu vivyo hivyo tangu tarehe 19 Novemba 2014, kabla ya sheria mpya.

Msomaji ataona jambo la ajabu kidogo: Ubelgiji na Ufaransa zina sheria ileile, neno kwa neno, na majibu mawili. Sababu ni kwamba sheria haikusema "futa" wala "usifute", ilisema "pima". Upande mmoja wa mizani ni haja ya yule anayehifadhi, upande wa pili ni haki ya yule aliyeandikwa. Tena sheria katika kifungu chake cha 9 inaruhusu jumuiya za dini kushika habari za watu wake, hata za wale waliokuwa watu wake zamani, mradi zisitolewe nje bila ruhusa yao. Maneno hayo "waliokuwa zamani" yana uzito katika mabishano haya.

Kwa nini Eklezya haifuti

Wengi wafikiri kwamba kitabu cha ubatizo ni orodha ya wanachama, kama ile ya chama cha siasa au ya timu ya mpira. Kama ingalikuwa hivyo, wangalikuwa na haki: aliyetoka hapaswi kubaki katika orodha. Lakini sivyo. Kitabu kinashuhudia tendo lililofanyika siku fulani, mahali fulani, kwa mkono wa padri fulani. Hakisemi "huyu anaamini". Kinasema "huyu alibatizwa". Konsili ya Trento iliagiza mwaka wa 1563 majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandikwe, kwa sababu undugu wa roho uliotoka katika ubatizo ulizuia ndoa, na watu walioana bila kujua au kwa kujifanya hawajui. Kutoka hapo kitabu kikaendelea kukua. Leo kanoni 535 inaagiza pembeni mwa jina yaandikwe kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Ndiyo maana kabla ya kufunga ndoa tunaomba karti mpya ya ubatizo, wala haturidhiki na ile ya miaka 20 iliyopita: pengine ukingo umepata neno jipya.

Kanoni 845 yakumbusha kwamba ubatizo, kipaimara na daraja takatifu havirudiwi, kwani vinatia rohoni alama isiyofutika. Hakimu wa serikali hapaswi kuamini hilo, wala hatumwombi aamini. Anapaswa tu kuona kwamba sisi twaliamini, na kwamba kwa sababu hiyo twahitaji ushuhuda. Tarehe 17 Aprili 2025 idara ya Roma inayosimamia maandiko ya sheria ilitoa maelezo juu ya shauri hili: si ruhusa kubadili au kufuta yaliyoandikwa katika kitabu cha ubatizo, ila kusahihisha makosa ya kuandika. Idara hiyohiyo, ikiitwa bado kwa jina lake la zamani, ilikuwa imeeleza tarehe 13 Machi 2006 namna ya kuandika pembeni tendo la mtu anayetoka katika Eklezya kwa kauli yake mwenyewe.

Kwa maoni yetu, mahakimu wa Paris waliona vizuri zaidi kuliko ofisi ya Brussels. Walakini neno moja la wenye kupinga lina nguvu, nalo tusilipite haraka. Mtu anaomba asiwemo kitabuni. Sisi tunamjibu kwa kuongeza habari nyingine, tena nzito kuliko ile ya kwanza, yaani kwamba aliiacha imani. Alikuja na mstari mmoja, anaondoka na miwili. Hatuna jawabu kamili, ila hili: mistari yote miwili ni kweli, na wa pili ni neno lake mwenyewe, lililoandikwa kwa ombi lake. Na ule mfano wa gazeti la Barcelona unatufaa hapa. Ukurasa wabaki, lakini mlango ufungwe. Kama tukiacha mlango wazi, hoja yetu yote yaanguka.

Sheria ya zamani ya kutunza siri

Wengine wasema Eklezya imejifunza mambo haya jana kwa kulazimishwa na serikali. Si kweli, ingawa si uongo wote. Fungua kanoni 877. Inapotaja mtoto wa mama asiyeolewa, inasema jina la mama liandikwe ikiwa umama wake unajulikana hadharani, au ikiwa mwenyewe anaomba, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba liandikwe tu kama kuna hati ya serikali, au kama yeye mwenyewe amekiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Katika hali nyingine jina la mtoto laandikwa peke yake, wala halitajwi la baba au la mama. Hiyo ni sheria ya kulinda sifa ya watu, na ya kuzuia kalamu ya paroko isitumikie masengenyo ya kijiji. Kanoni 220 nayo yakataza kuharibu bila haki sifa njema ya mtu au kuvunja haki yake ya kulinda mambo yake ya ndani. Na tangu tarehe 8 Desemba 2021 kanoni 1386 inaadhibu anayenasa kwa chombo chochote maneno ya kitubio, au anayeyatangaza; akiwa padri, aweza hata kuondolewa katika hali ya wakleri.

Lakini kuna upande wa giza. Kanoni 489 inaagiza kila mwaka ziharibiwe karatasi za kesi za makosa ya utovu wa adabu ikiwa mkosaji amekufa, au ikiwa miaka 10 imepita tangu hukumu. Wabakize muhtasari mfupi na maneno ya hukumu. Kusudi lake lilikuwa rehema: aliyeadhibiwa asifuatwe na karatasi hata kaburini. Mbele ya mkutano wa Roma wa Februari 2019 juu ya ulinzi wa watoto, Kardinali Reinhard Marx wa München alikiri kwamba karatasi ambazo zingalionyesha waliotenda maovu zilikuwa zimeharibiwa, au hata hazikuandikwa. Basi "kusahauliwa" kwa mmoja kwaweza kuwa kunyimwa haki kwa mwingine. Mtu akiuliza kwa nini hatufurahii kufuta, tuna jibu hili pia, ingawa latuaibisha.

Sisi wa Kongo tunalijua jambo hilo kwa namna yetu. Wakati wa ukoloni serikali ya Ubelgiji iliwachukua watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika, ikawaweka katika misioni, mbali na mama zao. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka wa 2017, na waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 baraza la rufaa la Brussels liliwapa haki akina mama watano waliotiwa wakiwa watoto wadogo katika misioni ya Katende, Kasai. Likasema serikali ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Watu wa namna hiyo wamezeeka wakitafuta: Mama yangu alikuwa nani? Nilizaliwa kijiji gani? Kwa wengi jibu, kama lipo, limo katika karatasi za serikali na vitabu vya misioni. Kwao kitabu kilichofungwa ni dhuluma, na kitabu kilichofutwa ni dhuluma mara mbili. Kanoni 487 inampa kila mtu haki ya kupata nakala ya hati inayohusu hali yake. Paroko asimwambie mzee wa miaka 75 arudi wiki ijayo.

Kwetu leo

Kwetu hatari kubwa si barua za kufutwa. Ni mambo mawili yanayopigana. La kwanza, vitabu vyetu vinapotea: moto, mchwa, mvua, na vita. Katika uasi wa 1964 na katika vita vilivyoanza mwaka wa 1996 misioni nyingi ziliporwa, na kwa Mkristu asiye na hati ya kuzaliwa kitabu cha ubatizo ndicho pengine ushuhuda pekee wa umri na wazazi wake. Kwa hiyo kunakili vitabu kwa ordinateri ni kazi njema. La pili, telefone imerahisisha kunakili kupita kiasi. Mtu anaomba karti ya ubatizo kutoka Brussels au Montréal. Karani anapiga foto ya ukurasa mzima na kuituma. Katika foto ile kuna watu 8 au 10 wengine, na ukingoni ndoa zao, na mtoto aliyeandikwa bila baba. Foto haina kufuli. Roma iliona hatari ya namna hiyo tarehe 5 Aprili 2008, ilipowaagiza maaskofu wasiruhusu chama cha Wamormoni cha Utah kinachochunguza ukoo wa watu kupiga picha vitabu vya parokia, maana Wamormoni hutumia majina kwa ubatizo wa wafu.

Basi karani aandike karti ya yule mmoja tu, aitie muhuri, na ikiwa lazima itumwe kwa telefone, apige foto ya karti, si ya kitabu. Nakala ya ordinateri ikae mahali palipochaguliwa na askofu, na watakaoifungua wajulikane kwa majina. Isikae katika telefone ya katekista, ambayo kesho itaibiwa sokoni au kuuzwa.

Na ile barua ya kufutwa ikifika? Paroko asijibu peke yake, wala asiitupe. Ahakikishe kwanza kwamba aliyeandika ndiye mwenyewe, si jamaa aliyekosana naye kwa sababu ya urithi au mahari. Aipeleke kwa askofu. Amwambie mwombaji kwa upole kwamba jina litabaki kama ushuhuda wa tendo, kwamba neno lake la kutoka litaandikwa pembeni akitaka, na kwamba hakuna atakayeonyeshwa ukurasa ule bila sababu. Mahali ambapo imebaki desturi ya zamani ya kupeleka kila mwaka nakala ya vitabu kwa askofu, neno hilo la pembeni liandikwe katika nakala ile vilevile.